Natafuta bunduki ya zamani ya mitutu miwili kwa ajili ya grausi: Fox, L.C. Smith au Ithaca?

#1 MsakaMbuga

Wakuu, habari za jioni. Niko kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwaka wa sita sasa, na huu ni msimu wangu wa tatu wa kuwinda grausi. Kwa wasiomjua, ni ndege jamii ya kwale, ukubwa wa kuku mdogo wa kienyeji. Ana manyoya ya shingo yanayosimama kama kola, na makazi yake ni misitu michanga ya miaspeni. Anakaa kimya mpaka ubakize hatua chache, halafu analipuka kwa kishindo cha mabawa na ndani ya sekunde mbili keshapotea nyuma ya miti.

Mpaka sasa natumia bunduki ya pampu, ya mtutu mmoja, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Inaua, lakini ina kilo tatu na nusu. Ukitembea nayo vichakani tangu asubuhi, kufika saa tisa mchana mkono umekufa ganzi na ndege akiruka unachelewa. Nataka bunduki ya zamani ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Nimezipata tatu:

Fox Sterlingworth geji 16, mitutu ya inchi 28, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Dola 1,150.
L.C. Smith daraja la Field, geji 12, inchi 30. Dola 800, ila ina ufa kwenye mti nyuma ya bamba la kushoto.
Ithaca Flues geji 20, nyepesi kama fimbo ya kuchungia. Dola 950.

Mwenye Fox ni muungwana, kaniachia nikaijaribu siku mbili. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mkononi imekaa vizuri kuliko bunduki yoyote niliyowahi kushika, lakini kati ya grausi kumi walioruka karibu nimepata mmoja. Tisa wameondoka. Kwa pampu yangu huwa napata mmoja katika kila watatu. Je, ninunue, au bunduki inaniambia kitu? Na kwa nini nakosa?

#2 Kipanga07

Chukua Fox, funga mjadala. Geji 16 hubebeka kama 20 na hupiga kama 12, wazee walishasema. Kukosa ni ugeni tu, itakuzoea.

#3 FundiChuma

Kipanga07 unamharakisha mwenzio. Mleta mada, kabla ya jina lililochongwa ubavuni, pima bunduki yenyewe. Mimi nazishughulikia hizi kazini na ninakupa ninachofanya mteja akiniletea.

Kwanza hakikisha haina risasi. Chomoa kile kishikio cha mbele, funga mitutu, shika kitako kwenye shingo, halafu itikise taratibu. Ukisikia au ukihisi mitutu inacheza kwenye bawaba, imelegea. Inyanyue kwenye mwanga utazame pale mitutu inapokutana na ukuta wa nyuma: mwanga ukipenya, hiyo inahitaji kukazwa, na kukazwa ni pesa. Tazama pia wenzo wa juu, ule wa kufungulia mitutu. Kwenye bunduki iliyobaki imara, ukiifunga wenzo unasimama kulia kidogo ya katikati. Ukivuka katikati kwenda kushoto, imeliwa.

Kisha tenga mitutu, uining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake, uigonge kwa kipande cha mti. Ikilia kama kengele na mlio ukaendelea, ubavu, yaani ule utepe wa chuma kati ya mitutu, umeshika. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, risasi-lehemu imeachia mahali na unyevu umeshaingia katikati ya mitutu usikoweza kuuona.

Unene wa ukuta wa mtutu huwezi kuukadiria kwa jicho. Kuna kipimo chake. Mimi nikikuta mahali pako chini ya sehemu 20 kwa elfu za inchi (mafundi tunasema "elfu 20"), yaani nusu milimita, simshauri mtu kuinunua, hata kama ndani inang'aa kama kioo. Mara nyingi inang'aa kwa sababu kuna mtu aliikwangua kutu, na akakwangua na chuma.

La mwisho, na ndilo kubwa: chemba, pale ganda la risasi linapokaa. Ipime. Usiamini kwamba risasi ikiingia basi inafaa. Urefu unaoandikwa kwenye boksi, milimita 70 kwa mfano, ni urefu wa ganda BAADA ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa na ganda ni fupi, kwa hiyo linaingia kwenye chemba ya 65 bila kinyongo. Ukifyatua, mdomo unafungukia kwenye shingo nyembamba ya mtutu, njia inabanwa, presha inapanda.

#4 MamaSeta

Asante Fundi, hilo la ganda nimelieleza watu mpaka nimechoka.

Mleta mada, mimi naona tatizo lako ni choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu. Bunduki nyingi za Marekani za enzi zile zilibanwa sana mdomoni, mtutu wa kulia nusu, wa kushoto kamili, kwa sababu watu walinunua bunduki moja ya kuwindia bata, sungura na kila kitu. Nimewinda na seta wangu, mbwa wa kuwindia ndege, huko Wisconsin misimu kumi na moja na nina tabia ya kuhesabu hatua kutoka niliposimama hadi ndege alipoanguka. Wengi ni hatua 15 hadi 22. Mwezi Septemba majani yakiwa bado mitini, ni pungufu ya hapo. Choki kamili kwa umbali huo inatoa fungu la marisau kubwa kama sahani. Ama umkose kabisa, ama umsage asilike.

Nenda ukaupime mdomo wa huo mtutu kwanza.

#5 Mzee_wa_Marquette

Choki inachangia, lakini naona mmeruka kilicho mbele ya macho yenu. Kijana, hiyo Fox ina mteremko kiasi gani kwenye kitako?

Chukua fimbo iliyonyooka, ilaze juu ya ubavu wa mitutu ifike mpaka usawa wa kisigino cha kitako, upime pengo. Bunduki za kisasa zina kama inchi mbili na nusu au pungufu. Za zamani za hapa Marekani utakuta tatu, na nyingine zinapita tatu. Wazee walipiga wakiwa wamesimama wima, kichwa juu. Wewe umezoea pampu, unalaza shavu kwenye mti. Ukilaza shavu kwenye kitako kilichozama hivyo, jicho linakuwa chini, na fungu linakwenda chini. Grausi naye anaruka akipanda. Tisa wote wamepita juu ya marisau yako.

#6 MsakaMbuga

Shikamoo mzee. Nimepima sasa hivi kwa rula ya seremala: inchi tatu na kidogo. Choki sijui, nitapeleka kwa mtu mwenye kipimo Jumamosi.

#7 Mzee_wa_Marquette

Marahaba. Basi ndiyo hiyo.

#8 Tetere

Samahani kwa swali la mgeni. Kwa nini geji 16 ni ndogo kuliko 12? Halafu Fox si Fox tu? Mjomba wangu ana Fox Model B kaipata dola 375, mbona huyu anauziwa kwa 1,150?

#9 FundiChuma

Geji ni hesabu ya goroli. Chukua ratili moja ya risasi-madini, igawe goroli 12 zilizo sawa: goroli moja ndiyo upana wa mtutu wa geji 12. Igawe 16, kila goroli inakuwa ndogo, na mtutu hivyo hivyo. Kumi na mbili ni kama milimita 18.5, kumi na sita ni 16.8, ishirini ni 15.6.

Na Fox si Fox tu. Kampuni ya A.H. Fox ilikuwa Philadelphia, na Sterlingworth ndiyo iliyokuwa bunduki yao ya bei nafuu, ilianza kuuzwa 1910. Savage wakainunua kampuni mwishoni mwa 1929 wakahamishia kazi Utica, New York. Model B ilikuja baadaye chini ya Savage, na kwa ndani ni bunduki ya Stevens, kampuni nyingine, iliyopewa jina la Fox. Ni imara, inafanya kazi, mjomba wako hajaibiwa. Lakini ni nzito na haina undugu na ile ya Philadelphia zaidi ya jina.

#10 Kipanga07

Sawa Fundi, nimekubali kwamba vipimo kwanza. Ila mbona hakuna aliyemwambia habari za L.C. Smith? Ni ya mabamba ya pembeni, mashine yenyewe imekaa ubavuni kama za Waingereza wakubwa, dola 800 tu. Ufa wa mti unagundishwa.

#11 FundiChuma

Ufa wa L.C. Smith nyuma ya bamba ni ugonjwa wa ukoo. Mti pale umechongwa ukawa mwembamba ili mashine ikae, halafu kila teke la bunduki linasukuma chuma kwenye ncha hiyo hiyo. Ukikuta mafuta ya miaka themanini yamelowea humo, gundi haishiki mpaka uyatoe, na kuyatoa ni kazi ya wiki. Unaweza kuitengeneza vizuri kabisa. Nimezitengeneza nyingi na ninazipenda. Lakini geji 12 ya inchi 30 kwa mtu anayelalamikia uzito, hapana.

Ithaca Flues je? Zilitengenezwa 1908 hadi 1926, na zile ndogo, 16 na 20, zina fremu nyepesi mno. Chukua lenzi utazame ile kona ambapo sakafu ya fremu inakutana na ukuta uliosimama. Nimeona mbili zenye ufa mwembamba kama unywele hapo. Zote mbili zilikuwa zimelishwa risasi nzito za kisasa na wenyewe hawakujua. Ukiipata safi na ukailisha chakula laini, itakuzika. Ukimkopesha rafiki asiyejua, utalia.

#12 Mpwani_MN

Nami niseme yangu. Mimi sikubali habari ya choki wala mteremko. Huyu bwana ametoka kwenye pampu ya kilo tatu na nusu akashika kitu cha kilo 2.7. Bunduki nyepesi inaanza haraka na inasimama haraka. Anaiona kwenye bega, anafurahi, anafyatua, na mkono umeshasimama. Ndege anaendelea, marisau yanapita nyuma ya mkia. Yalinipata haya haya na geji 28 niliyoipenda sana. Nikaiuza nikachukua Parker Trojan geji 16 yenye uzito kidogo mbele, nikaanza kula ndege tena.

Mwambieni akumbuke: alipokosa, yale majani yaliyokatika yalikuwa chini ya ndege au nyuma yake?

#13 MsakaMbuga

Mpwani swali lako ni zuri na limeninyima usingizi. Mara mbili nimeona kijiti cha aspeni kimekatika. Mara moja kilikuwa chini yake. Mara nyingine kilikuwa nyuma. Mara zilizobaki sikuona kitu, nilikuwa namfuata ndege kwa macho.

#14 Aberdeen_Mchaga

Salamu kutoka Scotland. Huku grausi wetu ni mwingine, mwekundu, anaishi kwenye vilima vya wazi visivyo na mti hata mmoja, msimu ni Agosti 12 mpaka Desemba 10. Akifukuzwa na wasukumaji anakuja usawa wa kichwa chako kwa kasi ya kutisha. Mambo ya hatua 15 kwenye miti ni ya kwenu.

Lakini nimeingia kwa ajili ya jambo moja. Mmempa majina ya Marekani tu. Mtu mwenye dola elfu moja na mia tano anaweza kupata bunduki ya kawaida ya Birmingham, isiyo na jina kubwa, geji 12 yenye uzito wa ratili sita na nusu au pungufu. Ya mfumo wa Anson na Deeley wa 1875, ambao nusu ya dunia imeuiga. Na Mwingereza anakuachia barua chini ya mitutu: ile mihuri ya majaribio, alama kwamba mitutu ilijaribiwa kwa risasi nzito kuliko kawaida. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa 1813, ya London ni ya zamani zaidi, na kwa sheria ya huku kuuza bunduki iliyotoka nje ya vipimo vyake ni kosa. Ukiona maneno NITRO PROOF, imejaribiwa kwa baruti ya kisasa. Ukiona 2½" na 3 TONS, umeambiwa chemba na presha. Ukiona NOT FOR BALL, imetengenezwa kati ya 1875 na 1887 na ina choki, yaani usitie goroli moja kubwa. Marekani hamna nyumba ya serikali ya majaribio, kila kiwanda kilijisemea chenyewe.

#15 FundiChuma

Aberdeen umenena, ila ongezea hili: muhuri unasema bunduki ilikuwaje SIKU ILE ilipogongwa. Ikishavuka bahari, mtu wa huku anaweza kurefusha chemba, kupanua mtutu, na muhuri ukabaki pale pale unadanganya. Bado utapima.

#16 Tetere

Na zile zenye mitutu ya michirizi kama mkeka? Kuna moja inauzwa dola 400, nzuri kuliko zote hizi.

#17 Aberdeen_Mchaga

Hiyo ni Dameski. Vyuma viwili, laini na kigumu, vinasokotwa kama kamba, vinazungushwa kwenye nondo na kufuliwa mpaka viungane. Ziko zilizopita majaribio ya baruti ya kisasa na zinawinda hadi leo. Lakini bila muhuri na bila kipimo cha unene wa mtutu, itundike sebuleni iwe pambo.

#18 Kipanga07

Itundike hata ikiwa na muhuri. Vidole havioti tena.

#19 Aberdeen_Mchaga

Kipanga, yangu ni Dameski, ina muhuri wa nitro, na ilipimwa tena mwaka juzi. Tukutane Agosti nikuonyeshe vidole kumi.

#20 MamaSeta

Jamani turudi kwa mwenzetu. Na mtu amwambie habari za chuma: risasi za marisau ya chuma HAZIFAI kwenye bunduki hizi. Chuma hakibonyei kikipita kwenye choki ya zamani, ni mtutu ndio unaobonyea. Kwa bata Marekani yote marisau ya risasi-madini yamepigwa marufuku tangu 1991, na kuna maeneo ya umma wanakataza hata kwa ndege wa msituni, kwa hiyo soma kanuni za eneo kabla hujaingia. Ukilazimika, tumia marisau ya bismuthi, madini laini kuliko chuma.

#21 MsakaMbuga

Wakuu, nimerudi na vipimo vya Jumamosi.

Mitutu imelia kama kengele. Haichezi. Wenzo umesimama kulia kidogo. Ukuta mwembamba kabisa elfu 28. Choki: kulia elfu 11, kushoto elfu 27. Chemba zote mbili inchi 2 na 7/16, yaani karibu milimita 62. Mwenye duka akasema hiyo ni fupi mno, hata kwa risasi ya 65, kuna mtu kaharibu. Nimekata tamaa kidogo.

#22 FundiChuma

Usikate tamaa, ni habari njema! Hakuna aliyeharibu, hiyo ni kazi ya kiwanda. Risasi ya geji 16 ya enzi hizo ilikuwa inchi 2 na 9/16, milimita 65. Watengenezaji wa Marekani walikuwa na mtindo wa kukata chemba fupi kidogo kuliko ganda, kwa makusudi, ili mdomo wa ganda ukifunguka uzibe na gesi isipite pembeni ya kizibo. Fox za geji 16 nyingi ziko hivyo hivyo. Maana yake hakuna mtu aliyeigusa tangu itoke kiwandani. Tafuta risasi za 65 zenye presha ndogo, wakia moja ya namba 8, hapo una marisau kama 410 na bega halilalamiki.

#23 Mzee_wa_Marquette

Hapo Fundi tutatofautiana kidogo. Nimepiga risasi za 70 kwenye Sterlingworth yangu yenye chemba kama hiyo miaka thelathini. Bunduki ipo, mimi nipo. Hicho kipande cha ganda ni chembamba kama karatasi.

#24 FundiChuma

Mzee wangu, nakuheshimu, na chuma cha Fox ni kigumu kweli. Naomba utoe kitako siku moja utazame kichwa cha mti kinapokutana na fremu. Chuma kitavumilia, mti ndio unaolipa. Ukiukuta mzima nitakuja hapa niseme.

#25 MamaSeta

Elfu 11 na 27. Basi kulia ni wazi kiasi cha kutosha kwa grausi, nadharia yangu imepungua nguvu. Haijafa. Ulikuwa unafyatua kifyatulio kipi kwanza? Pampu ina kimoja. Kwenye viwili, mtu mgeni anavuta chochote kidole kitakachokutana nacho, na ukiwa na glavu unakutana na cha nyuma. Cha nyuma ni mtutu wa kushoto.

#26 MsakaMbuga

Dada, siku ya pili nilikuwa na glavu. Siwezi kuapa kwamba nilivuta cha mbele.

#27 MamaSeta

Ndiyo maana navipenda viwili, lakini vinataka mazoezi nyumbani. Unaweka risasi bandia, sefti (kile kizuizi cha kufyatua) imewashwa, unanyanyua bunduki, kidole gumba kinasukuma sefti wakati kitako kinapanda, si kabla. Mara hamsini kila jioni. Ukishazoea, una choki mbili kwenye kidole: ndege akiruka miguuni, cha mbele. Akiruka mbali mbwa akiwa bado ameganda kumwonyesha, cha nyuma moja kwa moja.

Nimkumbuke seta wangu mkubwa hapa. Oktoba moja aliganda kwenye gogo lililooza, gogo ambalo dume alikuwa akisimama kupiga ngoma yake ya mabawa, vinyesi vimejaa juu. Nikazunguka upande wa pili, hakuna kitu. Mbwa hakutikisika. Nikarudi, nikainama, nikaona jicho jeusi limenitazama kutoka kwenye nyasi, futi nne kutoka kiatu changu. Nikasimama wima taratibu. Akaruka, nikamwacha aende mpaka nyuma ya mti wa pili, nikavuta cha nyuma. Alianguka hatua 24. Yule mbwa hayupo tena, lakini kila nikipita pale nasimama.

#28 Kobe_Mbio

Mmesahau jambo muhimu kwa sisi wageni. Ununuzi Marekani kwa muuza silaha unajaza fomu 4473. Mwenye green card hana shida upande wa serikali kuu. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki, isipokuwa awe na moja ya ruhusa zilizotajwa, na mojawapo ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Bunduki ya kabla ya 1900 ni kitu cha kale, haihesabiwi.

#29 Aberdeen_Mchaga

Kobe rekebisha mwaka: sheria yenu ya 1968 inasema iliyotengenezwa 1898 au kabla. Mwaka mmoja ni kesi. Na huku Uingereza geji 12 ya zamani unayopiga inahitaji cheti cha polisi, umri wake haukusaidii.

#30 Kobe_Mbio

Nimepokea, 1898. Na majimbo yana sheria zao juu ya hizo, msisahau.

#31 Mpwani_MN

Mada ya Fox imenikumbusha. Mnajua Fox maarufu kuliko zote iliwinda kwetu? Theodore Roosevelt alipomaliza urais 1909 alishuka Mombasa mwezi Aprili na msafara wake. Kati ya bunduki zake kulikuwa na Fox geji 12 ya daraja la juu, zawadi kutoka kwa kampuni. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Babu zetu waliobeba ile mizigo kutoka pwani huenda waliibeba na hiyo, na majina yao hayakuchongwa popote.

#32 Tetere

Dola laki nane! Nampigia mjomba sasa hivi.

#33 FundiChuma

Tetere, ya mjomba ni Stevens.

#34 Darubini

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza jicho. Mleta mada, nyosha mkono, elekeza kidole kwenye taa macho yote mawili yakiwa wazi. Fumba la kushoto. Kidole kimehama? Kama kimehama, jicho lako kuu ni la kushoto na bega lako ni la kulia. Kwenye pampu kuna ushanga mkubwa wa kulengea unaolishika jicho. Kwenye mitutu miwili ya zamani kuna kishanga kidogo cha shaba na ubavu mpana, jicho la kushoto linanyakua, unapiga kushoto. Hakuna kitako wala choki itakayokuponya.

#35 MsakaMbuga

Kimehama kidogo. Si sana. Sasa nimezidi kuchanganyikiwa, nina sababu tano na zote zinaniingia akilini.

#36 Mzee_wa_Marquette

Kila mtu kidole kinahama kidogo. Kijana, acha nadharia, nenda kwenye karatasi. Bandika karatasi kubwa, weka doa katikati, simama yadi 16. Usilenge kama unavyolenga raifoli ya risasi moja moja. Tazama doa, nyanyua, fyatua kitako kinapogusa bega. Mtutu wa kulia mara tano, wa kushoto mara tano, karatasi tofauti. Kwa umbali huo inchi moja kwenye karatasi ni sehemu moja ya 16 ya inchi kwenye kitako. Hesabu itasema yenyewe.

#37 MsakaMbuga

Wakuu, nimefanya kama mzee alivyosema, leo asubuhi, na nimeshamlipa mwenye Fox nusu ya pesa kwa sababu sikuweza kuirudisha. Risasi za 65, wakia moja.

Mtutu wa kulia: fungu liko chini ya doa inchi nne, katikati kabisa, wala si kushoto wala kulia. Nikasema mzee ameshinda, robo inchi ya kitako. Nikageukia wa kushoto. Fungu liko chini inchi moja tu, na kushoto inchi tatu. Mara tano, zote pale pale. Bunduki moja, bega moja, siku moja.

#38 Darubini

Kushoto inchi tatu. Nilisema jicho.

#39 Mpwani_MN

Kama ni jicho, mbona mtutu wa kulia uko katikati? Mtutu wa kushoto ulifyatuliwa wa pili, alikuwa amechoka.

#40 FundiChuma

Ngojeni. Inawezekana mitutu haikuunganishwa kupiga mahali pamoja, ilitokea hata viwanda vizuri. Inawezekana pia choki ya kushoto imetanuliwa na mtu asiyejua akaenda upande.  Nipigie picha ya mdomo, mwanga ukitokea nyuma, nione duara mbili kama zina kitovu kimoja.

#41 MamaSeta

Na kifyatulio cha nyuma kina uzito gani? Kikiwa kizito kinavuta bunduki upande. Kipime kwa mizani ya samaki.

#42 Mzee_wa_Marquette

Kabla ya picha na mizani, kijana nijibu moja. Leo asubuhi kulikuwa na baridi. Ulipiga ukiwa umevaa koti, au ulivua ulipofika karatasi ya pili?